SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: NGOZI YA MKULIMA NA MAZOEA YA KILA SIKU

Kila mwaka, hesabu zinapofungwa, chama cha msingi hukagua mali zake. Mizani hupimwa, maturubai huhesabiwa, mashine za kupulizia hutazamwa kama bado zafanya kazi, na kila kitu huandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Lakini ipo mali moja isiyoandikwa katika daftari la chama chochote, nayo huisha bila habari kweli kweli: ni mwili wa mwanachama mwenyewe, na hasa ngozi yake, ambayo ndiyo ya kwanza kukutana na jua, salfa, mafuta ya ganda la korosho, maji ya chumvi na matope ya bonde.

Somo hili limekusudiwa kusomwa na katibu mbele ya wanachama, au katika vikundi vidogo vya watu kumi hadi kumi na watano, kisha kujadiliwa. Njia hiyo si ngeni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kuamua pamoja la kutenda. Vyoo vingi vilichimbwa mwaka ule kwa sababu watu waliokaa pamoja walikubaliana kuvichimba. Mazoea ya mtu mmoja hubadilika kwa shida; mazoea ya kikundi kilichokubaliana hubadilika kwa urahisi zaidi.

1. NGOZI NI NINI

Ngozi ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini. Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hufikia eneo la mita za mraba 1.5 hadi 2. Ina tabaka la juu ambalo ni jembamba, tabaka la kati lenye mishipa ya damu, vinyweleo na tezi za jasho, na chini yake mna mafuta. Kazi zake ni nyingi: huzuia vijidudu visiingie, huzuia maji ya mwili yasipotee, huupoza mwili kwa jasho, huhisi moto na maumivu, na kwa msaada wa jua hutengeneza vitamini D ambayo mifupa huihitaji.

Wengi huifikiria ngozi kama ukuta wa mawe. Yafaa zaidi kuifananisha na makuti ya paa. Paa lililoezekwa vizuri huzuia mvua, lakini likichakaa hupitisha maji, na hata likiwa zima moshi hupenya. Ndivyo ilivyo ngozi: maji hayaipiti kwa urahisi, lakini vitu vya mafuta na sumu nyingi za shambani huipita hata kama haina jeraha. Tena unene wake haulingani kila mahali. Ngozi ya kiganja ni nene na ngumu. Ngozi ya uso, ya kichwani na ya sehemu za siri hupitisha sumu kwa wepesi zaidi. Mtu anayefuta jasho la uso kwa mkono wenye dawa ameipeleka sumu kutoka mlango mgumu hadi mlango ulio wazi.

Tabaka la juu la ngozi hujifanya upya kwa muda wa kama mwezi mmoja. Hiyo ni habari njema, kwani madhara madogo hupona mazoea yanapobadilika. Lakini madhara mengine, hasa ya jua, hujilimbikiza mwaka hata mwaka kama deni lenye riba, na mwenye deni huja kudaiwa akiwa mzee.

2. MAFUTA YA GANDA LA KOROSHO

Korosho ndiyo zao linaloendesha vyama vingi vya ukanda huu, kuanzia Kilwa hadi Lindi na kuingia ndani hadi Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Katika ganda lake, kati ya ngozi ya nje na ngozi ya ndani, mna vishimo vidogo vidogo vilivyojaa mafuta mazito ya rangi ya hudhurungi. Mafuta hayo huunguza. Mti wenyewe umejiwekea silaha hiyo ili wadudu na wanyama wasile mbegu yake. Viwandani mafuta hayohayo hutumika kutengenezea rangi na bitana za breki, jambo linaloonyesha ukali wake.

Madhara yake ni ya namna mbili, na ni vema wanachama wazitofautishe. Namna ya kwanza ni kuungua hapo hapo: kiganja huwa cheusi, ngozi hubabuka na kupasuka. Mtoto anayeng'ata korosho mbichi ili aifungue huungua midomo na ulimi. Namna ya pili huja polepole. Mwili wa baadhi ya watu huyakataa mafuta hayo, na baada ya siku moja au mbili ngozi huvimba, huwasha na kutoa malengelenge, hata mahali ambapo mafuta yalikuwa kidogo sana. Mtu aliyekwisha patwa na hali hiyo mara moja huweza kupatwa tena kila msimu, na huenda akadhurika pia na utomvu wa embe, kwa kuwa mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja.

Wanaoumia zaidi ni kina mama wanaobangua korosho nyumbani kwa ajili ya kuuza barabarani na sokoni. Aghalabu korosho hukaangwa katika kipande cha bati au pipa lililokatwa, mafuta hutoka na kuwaka, na moshi wake huwasha macho, koo na ngozi ya uso. Kisha hubanguliwa kwa jiwe au kigongo, huku vidole vikiloa mafuta yaliyosalia. Mambo yafuatayo hupunguza madhara hayo:

(a) Kukaangia mahali pa wazi, mkaangaji akisimama upande upepo unakotoka, na watoto wakiwa mbali.

(b) Korosho zikishaepuliwa zimwagwe juu ya mchanga au majivu na zigeuzwegeuzwe ili mafuta yafyonzwe kabla ya kubangua.

(c) Kuvaa glavu za mpira. Zisipopatikana, mikono ipakwe mafuta ya nazi au ya nyonyo na kuchovywa katika majivu mara kwa mara. Majivu yasipakwe katika mkono wenye kidonda.

(d) Mafuta ya ganda yakigusa ngozi, yafutwe kwa kitambaa kikavu, pahala hapo pafutwe tena kwa mafuta ya kupikia, kisha paoshwe kwa sabuni na maji mengi. Kuosha kwa mafuta ya taa ni kosa, kwani mafuta ya taa huondoa kinga ya asili ya ngozi na kuongeza mpasuko.

(e) Maganda yasitumiwe kuwa kuni za jikoni ndani ya nyumba.

3. SALFA NA DAWA NYINGINE ZA SHAMBANI

Wazee wanakumbuka jinsi zao la korosho lilivyoanguka. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000. Katika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: bei, watu kuhama kutoka mashamba yao ya zamani, mikorosho kuzeeka, na ugonjwa wa ubwiriunga uliotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Utafiti uliofanywa katika kituo cha Naliendele, Mtwara, ulisaidia kuonyesha kwamba unga wa salfa huukinga mkorosho usishambuliwe na ubwiriunga wakati wa kutoa majani machanga na maua. Tangu hapo salfa imekuwa rafiki wa mkulima wa kusini.

Lakini rafiki huyu ana desturi zake. Unga wa salfa ukikutana na jasho huwasha ngozi, hasa shingoni, kwapani na mapajani. Machoni huleta machozi na wekundu. Tena salfa hushika moto upesi, na moshi wake ukiwaka hukaba pumzi. Kwa hiyo kuvuta sigara karibu na mashine au ndani ya ghala la salfa ni hatari kwa mvutaji na kwa mali ya chama.

Salfa hupulizwa alfajiri, wakati majani yana umande na upepo umetulia. Saa hizo humfaa mkorosho na humfaa mpulizaji, kwani jasho ni kidogo na unga haurudi usoni. Mpulizaji avae shati la mikono mirefu, suruali ndefu, kofia, miwani ya kukinga macho na kitambaa au kizuia vumbi puani. Akimaliza, aoge mwili mzima kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumpakata mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nguo za familia.

Dawa za maji zinazotumiwa dhidi ya wadudu zadai uangalifu mkubwa zaidi. Bomba linalovuja mgongoni hulowesha shati, na shati lililoloa hushikilia sumu juu ya ngozi saa nzima. Bomba la namna hiyo litengenezwe kwanza, kazi ingojee. Chupa na madumu ya dawa yasitiwe maji ya kunywa wala mafuta ya kupikia, hata yakioshwa mara kumi.

Hapa hapana budi kulieleza jambo moja linalochanganya watu. Ni kweli kwamba salfa imetumika kwa muda mrefu kuwa dawa ya upele. Lakini salfa ya hospitali hupimwa kwa kiasi maalumu na kuchanganywa katika mafuta laini. Salfa ya ghalani ni pembejeo ya mkorosho; haikupimwa kwa ajili ya ngozi ya mtu, na kumpaka mtoto ni kumwongezea kidonda juu ya upele.

4. JUA, CHUMVI NA BAHARI

Kilwa iko kama nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, na Lindi kama nyuzi 10. Kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mnamo Februari na mnamo Oktoba. Safari ya Oktoba huangukia wakati ambapo watu wanasafisha chini ya mikorosho na kuokota korosho, na mvua bado hazijaanza. Ndio wakati ngozi inapopigwa kuliko wakati wowote.

Ngozi nyeusi ina kinga kubwa ya asili dhidi ya mionzi ya jua, lakini kinga hiyo si kamili. Hukauka, huzeeka mapema na huota mabaka. Kazi inayoweza kusogezwa isogezwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri. Kofia pana ya ukindu, kanga juu ya kichwa na mabega, na shati la mikono mirefu lisilobana ni kinga zilizo karibu na kila mtu. Maji ya kunywa yachukuliwe shambani, kwa sababu ngozi isiyo na maji hupasuka.

Kwa wenye ualbino suala hili ni la uhai. Nchini Tanzania hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watu 1,400 huzaliwa na ualbino. Ngozi yao haina rangi inayokinga, na saratani ya ngozi huweza kuwapata wakiwa bado vijana. Chuo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimewafunza wataalamu wengi wa ngozi, na hapohapo KCMC yametengenezwa mafuta ya kukinga jua, yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu hao. Chama chenye mwanachama mwenye ualbino kinaweza kumpangia kazi ya kivulini, kama vile kuandika stakabadhi au kupanga madaraja ya korosho chini ya paa, badala ya kumwacha aokote juani. Huko si kumpendelea. Ni kumgawia kila mtu kazi anayoiweza. Kidonda chochote usoni, sikioni au mkononi mwake kisichopona kwa majuma manne kionyeshwe kwa daktari.

Wavuvi, wakulima wa mwani na wafanyakazi wa mashamba ya chumvi hupata adha ya namna yao. Maji ya bahari hurudisha mwanga wa jua usoni, hivyo kofia peke yake haitoshi. Chumvi hukausha ngozi na kuifanya ipasuke miguuni, na katika mpasuko vijidudu huingia. Kina mama wanaokwenda kwenye mwani maji yanapokupwa wakati wa bamvua husimama majini kwa saa nyingi. Viatu vya kukanyagia miambani huzuia miiba na majeraha. Na baada ya kazi, miguu na mikono isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe, kisha ipakwe mafuta ya nazi ingali na unyevu kidogo. Mafuta huyazuia maji yasitoke ngozini. Yakipakwa juu ya ngozi iliyokwisha kauka kabisa faida yake hupungua.

5. MAJI, SABUNI NA VITU VYA KUSHIRIKIANA

Ushirika ni jambo jema, lakini haufai katika taulo, dodoki, wembe na kitana. Upele huletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho ambaye huchimba ndani ya ngozi. Dalili yake ni kuwashwa zaidi usiku, na vipele kati ya vidole, viwikoni, kiunoni na sehemu za siri. Makosa makubwa katika kuutibu ni kumpaka dawa yule mmoja anayejikuna. Kaya nzima hupaswa kutibiwa siku moja, hata wasiowashwa, na mashuka na nguo zifuliwe na kuanikwa juani siku hiyohiyo. Mwasho huweza kuendelea kwa majuma mawili hadi manne baada ya mdudu kufa, kwa hiyo dawa isirudiwe ovyo. Upele unaotunga usaha usipuuzwe, maana vijidudu vya usaha huo huweza kudhuru figo za mtoto.

Fangasi hupenda joto na unyevu. Huota katikati ya vidole vya miguu ya mtu anayeshinda katika buti za mpira, na kinenani mwa anayelala na nguo zenye jasho. Dawa ya kwanza ni ukavu: kukausha kati ya vidole baada ya kuoga, na kuanika buti zikiwa zimepinduliwa.

Funza wa miguuni hakuwa mwenyeji wa Afrika. Aliletwa kwa meli kutoka Amerika ya Kusini hadi Angola mwaka 1872, akasambaa bara zima, na kabla ya karne ya ishirini kuanza alikwisha fika pwani ya Afrika Mashariki. Huishi katika mchanga mkavu na vumbi la sakafu ya udongo. Kuvaa viatu, kunyunyizia maji na kuparia sakafu kwa udongo, na kutolaza mifugo ndani humpunguza. Pini au sindano inayotumika kumtoa isitumiwe na mtu zaidi ya mmoja, kwa sababu huambukiza maradhi ya damu; na jeraha liachwalo chafu huweza kuingiza pepopunda.

Sabuni nayo ina kipimo. Sabuni kali ya kufulia, ikitumiwa kuogea mara tatu kwa siku, huondoa mafuta ya asili na kuiacha ngozi na ukoga mweupe wa ukavu. Sabuni ya kawaida isiyo na ukali, na maji yasiyo ya moto mno, hutosha.

6. MKOROGO

Jambo hili husemwa kwa sauti ya chini, lakini halina budi kusemwa wazi. Baada ya malipo ya korosho, sehemu ya fedha huenda kununua krimu za kung'arisha ngozi. Nyingi zina zebaki, haidrokwinoni au stiroidi kali, mara nyingine zote kwa pamoja, na ndiyo maana watu wakauita mchanganyiko huo mkorogo.

Zebaki hupita ngozini, huingia katika damu na kudhuru figo. Humfikia hata mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huleta madoa meusi ya kudumu, mabaya kuliko rangi iliyokuwa ikikimbiwa. Stiroidi hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, ikaota chunusi na michirizi, na kidonda cha upasuaji kikawa kigumu kushonwa na kupona. Pia huficha ugonjwa: fangasi wakipakwa stiroidi huacha kuwasha kwa muda huku wakienea chini kwa chini.

Serikali ya Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 nao uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza vipodozi vyenye zebaki. Marufuku peke yake haitoshi ikiwa mnunuzi hasomi kibandiko. Krimu isiyo na orodha ya viambato, au isiyoonyesha ilikotengenezwa, isinunuliwe. Pwani hii ina vipodozi vyake vya asili: mafuta ya nazi na liwa vilitumiwa na mabibi tangu zamani, wala havikumng'oa mtu ngozi.

7. CHAKULA NA TUMBAKU

Ngozi hujengwa na kile kinachopita kinywani. Protini ya samaki, dagaa, kunde, choroko na mbaazi hutengeneza ngozi mpya na kufunga vidonda. Vitamini A iliyomo katika papai, embe, kisamvu, mchicha na matembele huifanya isiwe ngumu na yenye magamba. Mtu anayekula ugali wa mahindi mitupu miezi mfululizo, bila samaki, karanga wala kunde, huweza kupata ugonjwa wa pelagra, ambao huchoma ngozi hasa mahali panapopigwa na jua: shingoni, mikononi na miguuni. Kaya inayouza korosho na ufuta wote bila kubakiza hata pishi moja la kula, ikanunua unga peke yake, imeuza na ngozi ya watoto wake.

Tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, hivyo vidonda vya mvutaji huchelewa kupona na uso wake hukunjamana mapema.

8. BAKA LISILOWASHA

Kati ya yote yaliyotangulia, hili ndilo linalopasa kukumbukwa na kila katibu. Watu hukimbilia zahanati kwa sababu ya kinachowasha na kinachouma. Ugonjwa mmoja mzito wa ngozi hauwashi wala hauumi mwanzoni: ni ukoma. Hujitokeza kama baka lililopauka au jekundu, ambalo likiguswa kwa unyoya au pamba mtu hasikii. Mkoa wa Lindi ni miongoni mwa mikoa ambayo wagonjwa wapya wameendelea kupatikana.

Ukoma hutibika. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mchanganyiko wa dawa mwaka 1981, na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure duniani kote. Matibabu huchukua miezi 6 au 12 kwa kadiri ya aina ya ugonjwa, na mgonjwa huacha kuambukiza mara baada ya kuanza dawa. Kinacholemaza watu ni kuchelewa, na kinachochelewesha ni aibu. Mwanachama anayeficha baka chini ya shati kwa miaka miwili, kwa kuogopa kutengwa na wenzake, huja kupoteza hisia za vidole. Kisha huungua na mafuta ya korosho bila kujua, kwa sababu hasikii maumivu. Chama kinachowatenga wagonjwa hujitengenezea wagonjwa wanaojificha.

Matende nayo huhitaji utunzaji wa ngozi wa kila siku. Ugonjwa wenyewe huletwa na minyoo ienezwayo na mbu, na mpango wa taifa wa kugawa dawa za kinga ulianza mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia. Lakini mguu uliokwisha vimba huzidi kuharibika kwa sababu ya vijidudu vinavyoingia katika mikunjo na mipasuko. Kuuosha kwa maji na sabuni kila siku, kuukausha polepole hadi kati ya vidole, kuuinua wakati wa kupumzika na kuvaa viatu visivyobana hupunguza sana homa na maumivu ya mara kwa mara. Mgonjwa wa matende anayeoshwa mguu na nduguze kila jioni huweza kurudi shambani. Aliyeachwa hubaki kitandani.

9. WAJIBU WA CHAMA

Yaweza kuulizwa: haya yanahusu nini chama cha ushirika, ambacho kazi yake ni mazao? Ichukuliwe mfano wa kaya yenye mikorosho arobaini. Mume amevimba macho na ngozi kwa salfa, akalala wiki mbili za mwezi Julai. Duru moja ya kupuliza imepita bila kufanyika. Ubwiriunga umeyakuta maua wazi, nayo yamekauka. Mwezi wa Novemba kaya hiyo inaleta ghalani nusu ya magunia ya mwaka uliopita. Ushuru wa chama umepungua, na deni la pembejeo liko palepale. Miwani ya kukinga macho na shati la mikono mirefu ni rahisi kuliko hasara hiyo.

Kwa hiyo yafaa bodi ya kila chama iyapeleke mambo yafuatayo mbele ya mkutano mkuu:

(a) Chama kinunue kwa pamoja glavu, miwani na vizuia vumbi kabla ya msimu wa kupuliza, na kuwakopesha wanachama pamoja na pembejeo.

(b) Ghalani pawekwe ndoo ya maji na sabuni, na salfa ihifadhiwe mbali na magunia ya korosho na mbali na moto.

(c) Katibu afungue ukurasa mmoja wa daftari na kuandika siku za kazi zilizopotea kwa maradhi ya ngozi na macho, bila kutaja siri za mtu. Baada ya msimu mmoja chama kitajua kinapoteza nini.

(d) Mara moja kwa mwaka mhudumu wa zahanati aalikwe siku ya mkutano kuwaangalia wanachama ngozi zao. Wanaohitaji zaidi wapelekwe Kinyonga huko Kilwa Kivinje, hospitali ya Sokoine mjini Lindi, au Nyangao, kwa kadiri ya ukaribu.

(e) Kina mama wanaobangua korosho wakutane na kuchagua mahali pamoja pa kukaangia, mbali na nyumba.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI

1. Katika msimu uliopita ni wanachama wangapi wa kikundi hiki walikosa kazi kwa sababu ya mikono, macho au miguu? Siku hizo zilikuwa ngapi?

2. Kwa nini mtu mmoja akitibiwa upele peke yake katika kaya, upele hurudi?

3. Mwanachama akionyesha baka lisilosikia maumivu, mwenyekiti na katibu watamwambia nini, na nani atamsindikiza zahanati?

4. Kikundi hiki kinaweza kubadili zoea gani moja kabla ya mikorosho kuanza kutoa maua?

Majibu ya swali la nne yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na majina ya watakaosimamia utekelezaji, na yasomwe tena katika mkutano unaofuata ili ijulikane lililotendeka na lililosalia.